Sura ya Tovuti Ndogo: Jina, Maandishi na Nembo kwa Mtu wa Mazwi

Chapa ya tovuti ni jumla ya alama zinazomwezesha msomaji kuitambua bila kuambiwa: jina, anwani, aina ya herufi, rangi, picha, nembo na namna ya kusema. Kampuni kubwa ina watu wa kila kimoja. Mwalimu wa Mazwi, pale Sumbawanga mjini, anayeandika blogu ya habari za Ufipa baada ya kusahihisha madaftari, au kikundi cha akina mama kinachotaka kuuza maharage na asali kwa wateja wa Mbeya na Dar es Salaam, huyaamua yote peke yake, mara nyingi kwenye simu. Na mara nyingi huanzia mwisho. Huenda kwanza steshenari kuchorewa nembo, kisha hutafuta jina, na msomaji hukumbukwa tovuti ikiwa tayari hewani. Makala haya yanakwenda kinyume na njia hiyo: yanaanza na yale yaliyo ghali kuyabadilisha na kumalizia na yale yanayobadilishwa kwa dakika chache.

Jina ndilo ghali kuliko yote, na jaribio lake la kwanza ni kulitafuta mtandaoni kabla ya kulipenda. Chukua "Ufipa". Kwa mtu wa Rukwa ni uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Kwa Mtanzania anayefuatilia siasa, Ufipa ni mtaa wa Kinondoni uliokuwa na makao makuu ya CHADEMA kwa miaka mingi kabla chama hakijahamia Mikocheni, na waandishi wa habari walizoea kusema "Ufipa" wakimaanisha chama chenyewe. Tovuti ya kilimo itakayojiita Ufipa Leo itapanga foleni nyuma ya habari hizo zote. "Kalambo" nalo lina wenyewe wengi: ni mto, ni wilaya, ni maporomoko yenye urefu wa zaidi ya mita 200 mpakani mwa Tanzania na Zambia. Tangu Septemba 2023, jarida la Nature lilipochapisha habari za magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale miaka 476,000 hivi iliyopita, yakiwa yamepatikana karibu na maporomoko hayo upande wa Zambia, jina hilo limekuwa pia la wanaakiolojia wa dunia nzima. "Rukwa" ni mkoa, ziwa na bonde, na ziwa lenyewe linafika Songwe na Katavi.

Haya hayana maana kwamba majina ya mahali yaachwe. Maana yake ni kwamba jina la mahali linahitaji neno la pili linalotaja kazi: maharage, ngano, safari, shule, historia. "Mazwi" peke yake halimwambii kitu mtu wa Tanga, na kusini mwa Afrika ni jina la watu. Likiambatana na neno la kazi linakuwa la kipekee mara moja.

Sumbawanga lina tatizo lake, na kila aliyesoma shule ya bweni nje ya mkoa analijua: ukilitaja, mtu atatania habari za uchawi. Wapo wanaolikwepa kwa sababu hiyo. Mimi ningelitumia. Ni jina linalojulikana nchi nzima, huandikwa namna moja tu, na hakuna mji mwingine unaogombea. Ila utani usiingie kwenye nembo. Fuvu na ungo vinaweza kuchekesha wiki ya kwanza, lakini mwaka wa pili mtu atakuwa anatafuta gunia la maharage, wala hatataka kucheka.

Njia nyingine ni kutumia jina la mtu, na Tanzania ina mifano mizuri. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha za habari, alianzisha blogu yake mwaka 2005, na jina lake likawa jina la blogu. Muonekano ulikuwa wa kawaida kabisa, picha juu ya picha hadi chini, lakini watu walirudi kwa sababu walijua nani anawaletea na kwamba leo kuna kipya. Millard Ayo, mtangazaji, alifanya hivyohivyo. Jina la mtu halina mpinzani na halihitaji kubuniwa, lakini halirithishwi kirahisi. Kikundi kisilitumie, kwa sababu mwenye jina akiondoka anaondoka na chapa.

Kiswahili kinaongeza mtego mmoja ambao vitabu vya ubunifu vya ng'ambo havina sababu ya kuutaja. Anwani ya tovuti hupokea herufi, tarakimu na kistari tu, si zaidi ya alama 63 kwa kila sehemu. Kibainishi hakimo. "Ng'ombe wa Nkasi" itakuwa ngombewankasi, na jicho la msomaji litasitasita. Kadhalika majina yenye r na l karibukaribu huandikwa vibaya na wengi wetu. Kipimo ni kumtajia mtu jina kwa simu, mara moja tu, kisha kumwomba aliandike. Akikosea, tafuta jingine.

Mwisho wa anwani nao una uzito wake. Inayomalizikia .co.tz inamwambia mteja kwamba biashara iko Tanzania; .or.tz ni ya asasi, .sc.tz ni ya shule. Ya .com haisemi lolote kuhusu mahali, na wengi huichagua kwa mazoea. Suala hili limewahi kufika mahakamani: waendeshaji wa JamiiForums, jukwaa lililoanza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, waliposhtakiwa Desemba 2016, moja ya mashtaka lilihusu kuendesha tovuti kwa kikoa, yaani jina la anwani, kisichosajiliwa Tanzania. Anwani ya bure iliyo chini ya jina la kampuni ya blogu inafaa kujaribia, lakini isichapwe kwenye mifuko ya bidhaa.

Watu huchanganya hapa mambo matatu ambayo kisheria hayahusiani. Kusajili jina la biashara BRELA ni jambo moja. Kusajili alama ya biashara, palepale BRELA, ni jingine, na ndilo linalompa mtu haki ya kumzuia mwenzake asiitumie. Kwa Tanzania Bara ulinzi wake wa kwanza ni miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Kununua kikoa ni la tatu, na hakumpi mtu lolote kati ya hayo mawili. Mwenye blogu ya habari ana la nne: tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizokuja na ada ya leseni ya shilingi milioni moja na nyingine kama hiyo kila mwaka, kazi hiyo iko chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kanuni zimebadilishwa mwaka 2020 na 2022, kwa hiyo soma zilizopo leo na si simulizi za mtaani. Na fomu yoyote inayoomba jina na namba ya simu ya msomaji inaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usiombe usichokihitaji.

Sasa maandishi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sura halisi ya tovuti ndogo. Msomaji wa Rukwa yuko kwenye simu yenye kioo cha upana wa pikseli 360 hivi, amenunua bando la siku, na huenda amesimama juani. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800. Kiangazi anga huwa jeupe na mwanga mkali. Herufi za mwili wa makala zisipungue pikseli 16. Aina moja ya herufi inatosha, mbili ni kikomo. Zile ambazo tayari zimo ndani ya simu hazigharimu bando hata kidogo, wakati kila uzito wa herufi za kupakua unaongeza makumi ya kilobaiti kabla msomaji hajaona neno.

Violezo vingi vya tovuti vimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza, na Kiswahili hubana sentensi nzima ndani ya neno moja. "Yatakayowanufaisha" lina herufi 18. Kichwa cha habari kikiwekwa kwa ukubwa wa pikseli 40, neno hilo peke yake laweza kuvuka ukingo wa simu na kukatwa vibaya. Kwa hiyo vichwa vya Kiswahili huhitaji herufi ndogo kuliko kiolezo kinavyopendekeza, au mwandishi achague neno jepesi zaidi, na hapo ubunifu na uhariri vinakuwa kazi moja. Hakikisha pia herufi ulizochagua zina kibainishi kizuri. Katika baadhi ya aina, ng' huonekana kama nukuu iliyosahaulika kufungwa.

Halafu kuna mabaki ya kiolezo. Makala ni ya Kiswahili safi, lakini vitufe, tarehe na majina ya miezi vimebaki Kiingereza. Kuvitafsiri ni kazi ya jioni moja, na nadhani hakuna jioni nyingine itakayoongeza hadhi ya tovuti zaidi ya hiyo. Ndani ya mipangilio, lugha ya ukurasa itajwe kuwa "sw". Vinginevyo simu inayomsomea asiyeona itatamka maneno yetu kama ya Kiingereza. Na saa: kiolezo kikiandika 14:00, mteja wa Laela atawaza saa nane. Andika "saa 8 mchana" na asiyezoea ahesabu mwenyewe.

Rangi huwapa watu furaha nyingi na huwaponza vilevile. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, unataka tofauti ya mwanga kati ya herufi na mandhari yake iwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Njano safi juu ya nyeupe haifiki hata 1.1. Kijivu hafifu kinachopendwa na wabunifu mara nyingi huanguka chini ya kiwango, na kwenye jua hupotea kabisa.

Lakini rangi kwetu zina kadi za uanachama. Mkulima wa mahindi na alizeti atavutwa na kijani na njano kwa sababu za shambani kabisa, na mwaka wa uchaguzi tovuti yake itasomwa kama ya CCM. Zambarau ni ya ACT-Wazalendo. Nyekundu humkumbusha mtu vocha za Vodacom na Airtel, na rangi ya chungwa humpeleka Halotel. Hakuna rangi isiyo na mwenyewe, basi suluhisho liko kwenye mchanganyiko: kijani na rangi ya udongo wa Ufipa, kwa mfano, havina chama.

Kuhusu mpangilio wa ukurasa, kanga inafundisha zaidi ya kozi nyingi. Ina pindo, mji na jina, na kila mvaaji anajua kila kimoja kinakaa wapi. Kipya huingia ndani ya mpangilio usiobadilika. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, limechapa michoro mingi mno kwa vizazi, na bado kwenye kitambaa utakuta maandishi yaleyale madogo ya "Mali ya Abdulla". Tovuti ndogo inaweza kuiga hapo: kichwa kilekile, mahali palepale pa tarehe na jina la mwandishi, na alama ndogo isiyohama. Picha na maneno ndiyo yabadilike.

Picha ziwe zako. Nembo za Tanzania zimejaa Kilimanjaro, twiga na miti ya savana, na hakuna kati ya hivyo kinachomhusu mtu wa Mazwi. Ufipa ina vyake: ng'ombe wa kulima, ukungu wa milima ya Mbizi, na malungu, tanuri ndefu za udongo ambamo Wafipa waliyeyusha chuma. Picha moja ya simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Kumi ni 40, na bando limekwisha. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kubanwa, hushuka hadi kilobaiti 150 hivi, na kwenye simu macho hayaoni tofauti.

Nembo imebaki mwisho makusudi. Ipitishe katika majaribio mawili: isomeke ikiwa ndani ya kiduara cha WhatsApp, na ichongeke kuwa muhuri wa mpira wa rangi moja. Mchoro wenye vivuli, mng'ao na maneno ya kuzunguka utashindwa yote mawili. Jina lililoandikwa vizuri kwa herufi nene hushinda nembo nyingi za kulipia.

Kubadili jina baadaye kunawezekana. Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, iliwahi kuitwa Bismarckburg, na meli Liemba ya ziwa hilo ilikuwa Graf von Götzen kabla Waingereza hawajairudisha majini mwaka 1927. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010. Tigo ikawa Yas mwaka 2024. Kampuni hizo zilikuwa na fedha za kupaka rangi upya kila kibanda cha nchi. Mwenye tovuti ndogo ana njia moja nafuu: kuendelea kulipia anwani ya zamani na kuifanya ielekeze kwenye mpya, ukurasa kwa ukurasa, kwa miaka kadhaa. Ada hiyo ya mwaka isikatwe hata kama wageni wanaopitia huko wamepungua, maana kikoa kikiachwa kikaisha muda, mtu mwingine anaweza kukisajili, na kila mwenye mfuko wa zamani wa maharage ataangukia kwake.