Kijiko Kimoja cha Klorofomu

Hannah Greener alikuwa na umri wa miaka 15, na kilichomsumbua kilikuwa ukucha wa kidole cha mguu. Tarehe 28 Januari 1848, huko Winlaton, karibu na Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, daktari alikuja kuung'oa. Miezi michache kabla alishang'olewa ukucha mwingine kwa nusukaputi ya etha, akaamka salama. Safari hii ililetwa dawa mpya, klorofomu. Daktari alimimina kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwenye kitambaa cha meza, akakiweka puani pa binti. Baada ya dakika kama tatu hivi, Hannah alikuwa amekufa.

Klorofomu ilikuwa haijatimiza hata miezi mitatu tangu James Young Simpson aijaribu na wenzake nyumbani kwake Edinburgh. Simpson aliitetea: binti, alisema, alipaliwa na maji na brandi aliyonyweshwa ili azinduke. John Snow, daktari wa London, aliuliza swali jingine: je, hewa aliyoivuta ilikuwa na mvuke kiasi gani?

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko linavyoonekana. Dawa ya kumeza huanzia tumboni, ikachukua muda. Mvuke hufika kwenye vifuko vidogo vya mapafu, mahali ambapo ukuta mwembamba mno huitenga hewa na damu, na papo hapo huyeyuka ndani ya damu. Kadiri unavyozidi hewani ndivyo unavyoingia mwingi kwa kila pumzi. Na damu itokayo mapafuni hupita kwanza moyoni.

Snow alikuwa amekwisha kupima jinsi hewa ya joto inavyobeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Kwa hiyo aliijua kasoro ya kitambaa: kijiko ni kilekile, lakini pumzi moja huweza kuwa nyepesi na inayofuata ikawa kali. Alitengeneza chombo cha kuvutia dawa kilichozungukwa na maji ili joto lisibadilike. Kwa hesabu yake, sehemu 4 au 5 za mvuke katika 100 za hewa zilitosha. Ukizidi sana, moyo ungeweza kusimama.

Tarehe 7 Aprili 1853 Snow aliitwa kwa Malkia Victoria, aliyekuwa akijifungua Leopold. Hakutumia chombo chake. Alitumia leso, akiidondoshea klorofomu kidogo kidogo kila uchungu ulipokuja. Malkia hata fahamu hakupoteza.

Snow alifariki mwaka 1858, akiacha kitabu chenye orodha ya vifo 50 vya klorofomu, cha Hannah kikiwemo. Hadi leo madaktari hawajakubaliana ni nini hasa kilimuua. Lakini swali la Snow limebaki katika kila chumba cha upasuaji: kabla ya mgonjwa kuvuta pumzi, mtu lazima ajue pumzi hiyo imebeba nini, na kwa kiasi gani.