Exiguity: uhaba uliotoka kwenye mizani

Mwaka 57 KK kabila la Wanervii lilimvamia Julius Caesar kando ya mto Sabis, askari wake wakiwa bado wanajenga kambi. Katika kitabu chake cha vita vya Gaul anasimulia kwamba askari hao hawakuwahi hata kuvaa kofia za chuma wala kutoa ngao kwenye vifuniko vyake. Ufinyu huo wa muda aliuita, kwa Kilatini, exiguitas. Mbele ya safari analitumia tena neno hilo kwa Wasuebi wa Ujerumani, waliojisitiri kwa vipande vya ngozi vidogo mno hata sehemu kubwa ya mwili ikabaki wazi.

Waingereza walilichukua karne ya 17, enzi ambayo wasomi wao walichota Kilatini bila kipimo, wakalifanya exiguity: uhaba, uchache, udogo wa kitu kisichotosha. Halikuwahi kufika sokoni. Hata Mwingereza msomi anaweza kumaliza mwaka asilitamke.

Mimi utamu nauona kwenye shina lake, kitenzi exigere. Kiini chake ni agere, yaani kuswaga kama mchungaji anavyoswaga ng'ombe. Ukitanguliza ex, unaswaga kuelekea nje. Warumi wakakitumia kwa kudai deni, kisha kwa kupima kwa mizani. Kivumishi chake ni exiguus, na kilicho exiguus, basi, kimepimwa na mkono mgumu, kama sukari ya muuza duka asiyejua nyongeza. Ulimi wa mizani waliuita examen, jina lililotumika pia kwa kundi la nyuki waliohama mzinga, na ndilo lililowapa Waingereza jina la mtihani. Hata ajenda ya vikao vyetu ni mjukuu wa agere.

Aliyelivaa neno hili kama jina ni mmonaki Dionysius, mzaliwa wa Scythia aliyeishi Roma. Kwa unyenyekevu wa kitawa alijiita Exiguus, mdogo. Mwaka 525, akipanga tarehe za Pasaka, alikataa kuhesabu miaka kwa utawala wa Diocletian, kaisari aliyewatesa Wakristo, akaanzia kuzaliwa kwa Kristo. Ndiyo hesabu tunayoitumia hadi leo, ingawa ina kasoro: wanahistoria wengi wanasema Mfalme Herode alikufa mwaka 4 KK, na Injili ya Mathayo inasema Yesu alizaliwa Herode akiwa bado hai.