Utamu na Tiba: Neno "Peremende" Mpakani Busia na Malaba

Neno "peremende" limetoholewa kutoka jina la Kiingereza la mmea wa dawa. Utamu ni maana iliyozuka baadaye. Busia na Malaba, eneo ambalo lote lilikuwa chini ya utawala wa Uganda hadi mwaka 1902, Wateso wa pande zote mbili za mpaka hulima simsim. Simsim hukaangwa, huchanganywa na asali, kisha hufinyangwa vidonge. Na "kidonge" nacho ni jina la dawa. Sukari guru ilipata jina lake kwa Wahindi. Ikipikwa na tangawizi huwa kitulizo cha kikohozi. Hivyo basi, kamusi inayoifasiri peremende kuwa kitu kitamu tu huifuta nusu ya historia yake.