Musenji wa Nyumbani: Historia ya Neno, Fimbo na Mtoto wa Mbwa

Nyumbani kwetu Kabondo, mjini Kisangani, kila siku jua linapokaribia kuzama, mbwa wetu Bobi hushikwa na wazimu. Hulaza masikio, huficha mkia, kisha hutimka. Huzunguka mwembe, hupita chini ya meza ya mama ya kuuzia mkaa, hupindua beseni la maji na kurudi kutuuma visigino. Baada ya dakika chache hujibwaga chini akihema, kana kwamba hakuna lililotokea.

Alipokuwa na miezi minne, katika mbio hizo alimuuma mdogo wangu mguuni, damu ikatoka. Tuliliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, tukampeleka mtoto kituo cha afya kudungwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Fedha za sindano zilitoka katika akiba ya ada yangu. Jioni hiyo baba alitoa hukumu: "Huyu ni musenji kabisa. Asipobadilika kabla ya Noeli, ataondoka."

Neno hilo, musenji, ndilo lililonifanya niandike insha hii. Hoja yangu ni kwamba namna tunavyoutazama wazimu wa mtoto wa mbwa ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya watu waliotaka kutawala.

Tuanze na neno lenyewe. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, muungwana alikuwa mtu wa mji, wa dini na wa adabu. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye na hayo. Misafara ya karne ya 19 ilipofika kwetu, watu wake waliitwa Wangwana, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa liwali wa eneo la Stanley Falls, yaani hapa hapa Kisangani. Lugha ilikuja pamoja na dharau yake. Wabelgiji nao wakaliokota neno hilo, na basenji wakawa wanavijiji wote "wasiostaarabika". Kuanzia mwaka 1948 Mkongo aliyetaka kuhesabiwa nje ya kundi hilo aliweza kuomba kadi ya sifa ya kiraia, akipimwa kwa mwenendo wake.

Neno hilo likabandikwa hata kwa mbwa. Leo Basenji ni jina la aina ya mbwa inayojulikana duniani kote, na asili yake ni misitu ya Kongo. Ni mbwa mdogo, mwenye mkia uliojikunja, ambaye kwa kawaida habweki kama mbwa wengine, kwa hiyo wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni ili wajue alipo. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts, wakafa kwa ugonjwa muda mfupi baadaye. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa tena huko na kuwavutia watu wengi. Mbwa ambaye kwa mwindaji wa msituni alikuwa mfanyakazi hodari, kwa wageni alibaki na jina la mshenzi.

Sasa tuje kwenye fimbo. Baada ya tukio lile, baba mdogo, ambaye ni mlinzi wa ghala, alinishauri nimpige Bobi na kumlaza chali mpaka "ajue mkubwa ni nani". Nilitii. Kwa siku tatu nilimpiga kwa fagio kila alipoanza kukimbia. Nilidhani huo ni ujuzi wa wazee wetu.

Niliposoma zaidi, niliona kwamba ushauri huo una ndugu mbali sana na Kabondo. Mwaka 1910 Konrad Most, ofisa wa polisi wa Ujerumani, alichapisha kitabu cha kufundisha mbwa, na sehemu kubwa ya mbinu zake ilikuwa ya kulazimisha. Mbinu za aina hiyo zilienea katika majeshi na polisi. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alieleza maisha ya mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, nchini Uswisi, waliokuwa wakigombania ukubwa. Wengi wakahitimisha kwamba mbwa wa nyumbani naye anagombania cheo na bwana wake. Mtaalamu wa Marekani, L. David Mech, aliyekuwa ameyaeneza mawazo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliyasahihisha mwaka 1999: porini, kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni familia, wazazi na watoto wao. Hakuna mapinduzi ya serikali pale.

Kwa hiyo Bobi hakuwa mwasi. Alikuwa mtoto aliyechoka. Mtoto wa mbwa huhitaji kulala takriban saa 18 kwa siku, lakini kwetu wateja wa mkaa, redio na watoto wa jirani walimwamsha kutwa nzima. Jioni uchovu ulitoka kama wazimu, na watoto walipopiga kelele na kukimbia, yeye aliona mchezo umenoga.

Tulibadilisha mambo manne. Mchana alilala nyuma ya jiko, na hakuna aliyeruhusiwa kumsumbua. Kabla ya machweo nilimtembeza, akanusa majani alivyotaka. Wazimu ukianza, watoto walisimama kimya kama mti, mikono kifuani, nami nikamtupia kitambaa kilichofungwa fundo ili aume hicho. Akitulia, alipata kipande cha dagaa papo hapo. Hili la mwisho linafanana na fundisho la B. F. Skinner, aliyeeleza mwaka 1951 jinsi ya kumfundisha mnyama kwa kumtuza mara tu anapofanya vizuri.

Mbio hazijaisha, na sidhani zinapaswa kuisha kwa sasa, maana ni furaha ya umri wake. Lakini tangu hapo hajamuuma mtu. Noeli ilipita, na baba hakuikumbusha hukumu yake. Bado humwita musenji, ila siku hizi hulitamka huku akimwekea mabaki ya ugali.

Nisilolimaliza ni langu mwenyewe. Kila asubuhi ninapochukua fagio kufagia uwanja, Bobi hujikunyata na kukimbilia nyuma ya jiko. Siku tatu zilitosha kumfundisha hilo. Kulifuta kunanichukua miezi, na bado sijafaulu.