Rouault: Fundi wa vioo aliyegeuka mchoraji

MGENI anayeingia katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph jijini Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1897 na 1902, huona nyuma ya altare madirisha ya vioo vya rangi yaking'aa kwa mwanga wa jua. Jua likijificha, rangi nazo hufifia. Sisi wa Tukuyu, tuliozoea mawingu na mvua, twaelewa upesi ni kitu gani kinachopotea hapo.

Kuupata mng'ao huo katika picha isiyo na jua nyuma yake ndiyo kazi iliyomshughulisha mchoraji wa Kifaransa, Georges Rouault.

Alizaliwa Paris Mei 27, 1871, katika chumba cha chini ya ardhi, wakati mji ukipigwa mizinga. Akiwa na umri wa miaka 14 alianza kujifunza ufundi wa vioo vya rangi, na mikononi mwake vilipita vioo vya kale vya makanisa vilivyoletwa kukarabatiwa. Jioni alisomea uchoraji.

Dirisha la namna hiyo si kioo kimoja. Ni vipande vingi vya rangi mbalimbali vilivyounganishwa kwa mikanda ya risasi. Mikanda hiyo haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Bila hiyo dirisha lingeporomoka. Lakini kwa mbali huonekana kama mistari myeusi, na rangi iliyozungukwa na weusi huonekana kali zaidi.

Mistari hiyo minene imo katika picha zake za Kristo, za wachekeshaji wa sarakasi na ile ya Mfalme Mzee, aliyoimaliza miaka ya 1930. Haishikilii chochote, ila rangi huwaka ndani yake. Alipaka rangi juu ya rangi, wakati mwingine kwa miaka mingi.

Tabia hiyo ya kutoridhika ilimfikisha mahakamani. Mfanyabiashara wa picha, Ambroise Vollard, alipofariki mwaka 1939, warithi wake walibaki na mamia ya picha ambazo Rouault alisema hazijakamilika. Mwaka 1947 mahakama iliamua kuwa picha isiyokamilika ni mali ya aliyeichora. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 77, alizichoma moto picha 315 mbele ya mashahidi. Wengi wataona ni hasara kubwa, na pengine ni kweli, lakini hakutaka kazi mbovu itoke kwa jina lake.

Uzeeni alikirudia kioo. Madirisha yaliyotengenezwa kutokana na michoro yake yamo katika kanisa la Plateau d'Assy, kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa, lililowekwa wakfu mwaka 1950, miaka minane kabla ya kifo chake.