Quadra na Umri wa Pili wa Sepultura

Historia ya Sepultura husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilikoma mwaka 1996. Mwaka huo walitoa Roots, albamu iliyowapa sifa duniani kote, na kabla mwaka haujaisha mwanzilishi na mwimbaji wao, Max Cavalera, akajitenga nao. Wapenzi wengi wa muziki wa metali hufunga kitabu hapo. Hesabu haikubaliani nao. Kati ya albamu 15 za studio ambazo bendi hii ya Brazili ilikuwa imetoa kufikia mwaka 2020, Max aliimba katika 6. Derrick Green, aliyeshika nafasi yake, aliimba katika 9. Ya kumi na tano ni Quadra, iliyotoka tarehe 7 Februari 2020, nami naiweka bila kusita miongoni mwa kazi zao bora za tangu mwanzo.

Ili kuisikia vizuri inafaa kuanzia Belo Horizonte, mji mkuu wa jimbo la Minas Gerais, jimbo la migodi ya dhahabu iliyochimbwa kwa jasho la watumwa wa Kiafrika. Huko, mwaka 1984, Max na mdogo wake Igor waliunda bendi wakiwa bado vijana wa umri wa shule. Baba yao, aliyefanya kazi katika ubalozi mdogo wa Italia, alikuwa amefariki, na maisha ya nyumbani yalikuwa yamebadilika vibaya. Brazili yenyewe ilikuwa ikitoka taratibu katika utawala wa kijeshi ulioanza mwaka 1964. Januari 1985 tamasha la kwanza la Rock in Rio liliwaleta Queen, AC/DC na Iron Maiden, na siku zilezile za tamasha ndipo Tancredo Neves alipochaguliwa kuwa rais wa kwanza wa kiraia baada ya miaka 21. Kizazi cha vijana kilipata kelele na uhuru kwa mkupuo mmoja.

Thrashi, tawi la metali walilolichagua, ilikuwa imechipuka miaka michache kabla, hasa California na Ujerumani: magitaa yanayokatwa kwa kasi, ngoma zinazokimbia, na sauti ya mwimbaji iliyo karibu zaidi na ukelele kuliko wimbo. Rekodi zao za mwanzo zilitolewa na Cogumelo, duka la santuri la Belo Horizonte lililogeuka kuwa kampuni ya kurekodi. Zina ufundi mdogo na hasira nyingi. Mabadiliko yaliletwa na Andreas Kisser, mpiga gitaa aliyejiunga mwaka 1987 akiwa na mafunzo ya gitaa la klasiki. Beneath the Remains ya mwaka 1989, iliyorekodiwa Rio de Janeiro chini ya Scott Burns wa Florida, iliwafungulia mlango wa nje. Arise ya mwaka 1991 ikawathibitisha.

Kisha wakafanya jambo ambalo bendi za thrashi za Marekani hazikuwa na sababu ya kulifanya: waligeuza macho kuitazama nchi yao. Chaos A.D., ya mwaka 1993, ina wimbo kuhusu mauaji ya gereza la Carandiru mjini São Paulo, ambako polisi waliwaua wafungwa 111 tarehe 2 Oktoba 1992. Ina pia kipande kisicho na maneno, cha magitaa yasiyo ya umeme na ngoma, kwa heshima ya watu wa Guarani-Kaiowá walionyang'anywa ardhi yao. Kwa ajili ya Roots walisafiri hadi Mato Grosso kurekodi pamoja na watu wa jamii ya Xavante, wakamwalika pia Carlinhos Brown, bingwa wa ngoma kutoka Bahia. Ngoma hizo zina asili yake. Waafrika wanaokadiriwa kufikia milioni 4.8 walishushwa Brazili, wengi wao kutoka Angola na Kongo, na wengine kutoka Msumbiji, katika mwambao wetu huu wa Bahari ya Hindi. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1888, baada ya nchi nyingine zote za mabara ya Amerika. Metali iliyosikika baridi na ya kiwandani ilipopigwa California ilipata damu nyingine ilipokutana na urithi huo.

Mgogoro wa mwaka 1996 ulihusu usimamizi wa bendi, uliokuwa mikononi mwa mke wa Max. Aliyekuja badala yake ni Derrick Green, Mmarekani mweusi kutoka Cleveland, mwenye kifua cha kunguruma na pia uwezo wa kuimba kwa sauti ya kawaida. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu: kumbi zilipungua, Igor naye akaondoka mwaka 2006, na kila albamu ilipimwa kwa kipimo cha mtu asiyekuwepo. Waliosalia, Kisser na mpiga besi Paulo Jr., waliendelea kufanya kazi. Mwaka 2011 walimpata Eloy Casagrande, mpiga ngoma aliyezaliwa mwaka 1991, mwaka uleule Arise ilipotoka.

Quadra ilirekodiwa Sweden kwa Jens Bogren, mtayarishaji waliyekuwa wamefanya naye kazi katika Machine Messiah ya mwaka 2017. Kisser aliijenga juu ya namba nne na elimu nne za kale: hesabu, jiometri, muziki na astronomia. Nyimbo 12 zimegawanywa katika sehemu nne, tatu kwa kila sehemu, na kila sehemu ina tabia yake. Mpango kama huu ungeweza kuikausha albamu, lakini hapa umeipa uti wa mgongo, kwa sababu kila sehemu inaibua kipindi kimoja cha maisha ya bendi.

Sehemu ya kwanza ni thrashi tupu. Isolation inafunguliwa na kwaya na ala za orkestra, kisha Casagrande anaingia kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa bendi ya umri huu. Ya pili inarudia mapigo mazito ya enzi ya Roots. Humo mna wimbo Ali, kuhusu Muhammad Ali, bondia aliyekataa kwenda vitani Vietnam mwaka 1967, akavuliwa ubingwa, akaurejesha Kinshasa mwaka 1974. Ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote, inafunguliwa na Guardians of Earth, wimbo wa kuwatetea watu wa Amazoni na msitu wao. Unaanza na gitaa la Kisser lisilo la umeme, kwaya inafuata, kisha uzito wote unashuka kwa pamoja. Mwaka 2019 moshi wa mioto ya misitu ulifika hadi São Paulo na kuutia jiji giza mchana. Mtu hahitaji maelezo zaidi. Kati ya wimbo huu na kipande kile cha Guarani-Kaiowá ipo miaka 27 ya kusimamia jambo moja.

Sehemu ya nne ni ya polepole. Katika Agony of Defeat Green anaimba kwa sauti iliyo wazi, yenye huzuni na mamlaka, ambayo Sepultura ya miaka ya 1980 isingeweza kuitoa wala isingethubutu kuitafuta. Hapo ndipo ulinganisho na Max unapopoteza maana kabisa. Emmily Barreto, mwimbaji wa bendi ya Far From Alaska ya Brazili, anashirikiana naye katika wimbo wa kufungia.

Wiki chache baada ya albamu kutoka, janga la korona lilifunga kumbi zote. Bendi ikawa inapiga nyimbo zake mtandaoni kila Jumatano ikishirikiana na wageni, na mwaka 2021 baadhi ya rekodi hizo zikawa albamu, SepulQuarta. Desemba 2023 walitangaza ziara ya kuaga baada ya miaka 40. Casagrande aliondoka Februari 2024, kabla ya ziara kuanza, akajiunga na Slipknot. Greyson Nekrutman, kijana wa Kimarekani, akakaa kwenye ngoma. Ziara ilifunguliwa Belo Horizonte Machi 2024, na katika maonyesho yake Guardians of Earth na Agony of Defeat zilipigwa pamoja na nyimbo za Arise na za Chaos A.D.