Dawa Ilitangulia, Macho Yakafuata

Dawa ya kutia ganzi mishipa ya fahamu ya tumbo ilikuwepo miongo mingi kabla madaktari hawajajua vizuri waiweke wapi. Carl Koller aliondoa maumivu ya jicho kwa kokeini mjini Vienna mwaka 1884. Muda mfupi baadaye William Halsted, huko New York, akaanza kuichoma karibu na mishipa ya fahamu, naye akaishia kuwa mraibu wake. August Bier aliipeleka kwenye uti wa mgongo mwaka 1898. Lidokaini, isiyoleta uraibu, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943. Pamoja na hayo yote, ilibidi kungoja hadi 2001 ndipo daktari aitwaye Rafi aeleze namna ya kumimina ganzi kati ya misuli miwili ya ndani ya ukuta wa tumbo, inamopita mishipa ya fahamu ya eneo lote linalopasuliwa mwanamke anapotolewa kizazi au anapojifungua kwa upasuaji. Mwaka 2008 watafiti wa Ireland walionyesha kwamba wanawake waliotolewa kizazi wakiwa wamechomwa sindano hiyo walihitaji karibu nusu tu ya mofini waliyotumia wenzao kwa saa 48.

Wapo wanaosema sindano hii imesifiwa kupita kiasi, na hoja yao ina uzito. Haigusi maumivu yanayotoka kwenye viungo vya ndani, na mama aliyepata mofini kupitia uti wa mgongo haongezewi nafuu kubwa. Lakini mofini hiyo huleta mwasho na kichefuchefu, na si kila mgonjwa huipata. Kwake huyo, kutuliza jeraha la nje ni nafuu halisi anapokohoa, anapogeuka au anapomnyonyesha mtoto. Pingamizi kali zaidi lilikuja mwaka 2012: utafiti uliwakagua kwa altrasaundi madaktari waliochoma kwa kupapasa tu, ukakuta chini ya robo ya sindano zimefika mahali pake, na nyingine zimepenya hadi ndani ya tumbo. Kwangu hilo haliiangushi sindano. Linathibitisha kwamba kuona ndiko kulikokosekana tangu siku za Halsted.

Kwa hiyo anayepanga bajeti ya hospitali asiishie kwenye chupa za dawa. Altrasaundi ya wodi ya wazazi hununuliwa kumtazama mtoto tumboni, na kichwa chake kilichopinda hakifai sana kwa misuli iliyo karibu na ngozi. Kinahitajika kile kilichonyooka. Kisipopatikana, daktari mpasuaji anaweza kuichoma ganzi mwenyewe kabla ya kushona, tumbo likiwa bado wazi.